"Tuna Tatizo Dogo": Kiingereza cha Waungwana na Kinachofunikwa Chini Yake

Usiku wa tarehe 24 Juni 1982, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilikuwa angani karibu na kisiwa cha Java, Indonesia, ikielekea Perth, Australia. Ndani mlikuwa na watu 263. Bila marubani kujua, waliingia kwenye wingu la majivu ya volkano ya Galunggung, na injini zikaanza kuzimika moja baada ya nyingine mpaka zote nne zikanyamaza. Nahodha Eric Moody akachukua kipaza sauti, akawaarifu abiria kuwa wana tatizo dogo: injini zote nne zimezimika, wanafanya kila wawezalo kuziwasha tena, na anatumaini kwamba abiria hawajapata taabu kubwa mno.

Ndege iliposhuka hadi chini ya wingu lile, injini zikaanza kunguruma tena na wote wakatua Jakarta salama. Waingereza hulikumbuka tangazo lile kwa fahari. Kwa masikio yetu sisi, tatizo dogo ndani ya ndege ni kahawa kwisha. Kwao, jambo likizidi uzito, maneno hutakiwa yazidi wepesi, na anayepiga kelele amekosa malezi. Hapo ndipo Kiingereza kinapowashinda wageni wengi, hata wenye msamiati wa kutosha.

Na si wageni tu. Aprili 1951, kwenye Vita vya Korea, kikosi cha Gloucestershire kilizingirwa na majeshi ya China kando ya Mto Imjin. Brigedia Tom Brodie, Mwingereza, alipoulizwa hali ikoje na mkuu wake Mmarekani, Jenerali Robert Soule, alijibu kwamba mambo yamekuwa "a bit sticky", yaani yananata kidogo. Kwa ofisa wa Kiingereza, hicho kilikuwa kilio: tunamalizwa. Mmarekani akaelewa kuwa kuna ugumu kidogo lakini wanaumudu. Ruhusa ya kurudi nyuma haikuja kwa wakati. Katika kikosi cha watu zaidi ya 600, waliojipenyeza na kurudi upande wao walikuwa wapatao 40. Wengine waliuawa au kutekwa. Wote wawili, Brodie na Soule, walikizungumza Kiingereza tangu utotoni.

Yapo mambo mawili hapa ambayo watu huyachanganya. Kuna nahau, ambayo ni fumbo: usipofumbuliwa hulijui, ukishafumbuliwa basi. Halafu kuna tasfida, ambayo kila neno lake unalijua na bado umeachwa nje ya mlango.

Nahau hazina ubaya. Ukisikia kuwa jirani wa fulani "kicked the bucket", kamusi itakueleza kuwa jirani huyo amekufa na hakuna ndoo iliyopigwa teke. Asili yake hubishaniwa. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba katika lahaja ya Norfolk neno hilo la ndoo lilimaanisha boriti ambayo nguruwe alitundikwa kwa miguu wakati wa kuchinjwa, naye akawa anaipiga mateke huku akikata roho. Msemo huo tayari ulikuwamo kwenye kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose ya mwaka 1785.

Nyingine zina historia ya kisheria kabisa. Wasomaji wa magazeti ya Kiingereza ya Nairobi wamezoea vichwa vya habari vinavyosema kwamba rais amewasomea mawaziri wake "the riot act". Sheria hiyo ilikuwapo. Bunge la Uingereza liliipitisha 1715 na ikaanza kutumika Agosti mwaka huohuo. Watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo, hakimu alipaswa kusimama mbele yao na kuwasomea tangazo kwa sauti, likiishia na maneno ya kumwomba Mungu amlinde Mfalme. Baada ya hapo walikuwa na saa moja ya kutawanyika, na aliyebaki alijitia kwenye kosa la kunyongwa. Walikuwapo washtakiwa waliookoka kwa sababu tu msomaji, pengine kwa hofu ya mawe, aliyaruka yale maneno ya mwisho. Waziri wa siku hizi akisomewa sheria hiyo hupoteza usingizi wa usiku mmoja, na Jumatatu yuko kazini.

Ninayoipenda mimi ni "Bob's your uncle", Bob ni mjomba wako, wanayoisema wakimaanisha kuwa mambo yameshanyooka. Waingereza hupenda kusimulia kwamba ilitokana na Waziri Mkuu Robert Cecil, Lord Salisbury, aliyempa mpwa wake Arthur Balfour wizara ya mambo ya Ireland mwaka 1887. Bob ni kifupi cha Robert. Kasoro ya hadithi hiyo ni kwamba msemo wenyewe hauonekani kwenye maandishi mpaka miaka ya 1920. Lakini nchi ambayo watu wake wanajua maana ya kuwa na mjomba wizarani haihitaji kueleweshwa zaidi.

Ipo nahau iliyosimama mpakani, mguu mmoja upande huu na mwingine upande wa tasfida. Kwenye Maonyesho Makuu ya London ya 1851, fundi George Jennings aliweka vyoo vya umma na kutoza peni moja kwa kila aliyeingia. Baadaye milango ya vyoo vya mitaani ikawekewa makufuli yaliyofunguka kwa kutumbukiza sarafu. Ndipo "kutumia peni" kukawa na maana ya kwenda haja. Wanaume waliokojoa kwa kusimama hawakulipa kitu. Peni ilikuwa ya wanawake zaidi. Nasi tunakwenda kujisaidia, mke wa mtu ni mjamzito, mzee wetu ametangulia mbele ya haki. Maneno hayo humsitiri mtu mwenye haya au mwenye msiba, na wote wanaoyasikia wanajua maana yake. Tasfida ya namna hiyo haina mdanganyifu wala mdanganywa.

Mambo hubadilika sheria inapoingia kati. Jarida la dhihaka la Private Eye, lililoanza London mwaka 1961, lilikuwa na tatizo la kashfa: kwa sheria ya Uingereza, ukiandika kwamba waziri ni mlevi, wewe mwandishi ndiye utakayetakiwa kulithibitisha hilo mahakamani. Na George Brown, Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 1966 hadi 1968, alikuwa mnywaji hasa. Jarida likapata njia. Likawa linamweleza waziri kuwa ni "tired and emotional", amechoka na amejaa hisia. Ni jaji gani atamtoza mtu fidia kwa kusema waziri amechoka? Mpaka leo Mwingereza akisoma kuwa mbunge fulani alionekana amechoka na mwenye hisia nyingi, anajua mtu huyo aliondoka ukumbini kwa kushikiliwa.

Mwaka 1973 jarida hilohilo likaiingiza Afrika Mashariki kwenye msamiati huo bila Afrika Mashariki kuombwa ruhusa. Wakati huo Rais Milton Obote wa Uganda alikuwa ameshapinduliwa na Idi Amin, tangu Januari 1971, na baadhi ya watu wake walikuwa uhamishoni. Kwenye sherehe moja London, mwandishi wa habari wa kike alipanda ghorofani na mwanamume aliyewahi kuwa waziri katika serikali ya Obote. Walipokawia na kuulizwa, jibu likawa kwamba walikuwa wakijadili mambo ya Uganda. Tangu hapo, kwa wasomaji wa Private Eye, "majadiliano ya Uganda" ni tendo la ndoa lisilo na ndoa. Mganda anayealikwa kwenye kongamano huko kuhusu nchi yake afikirie mara mbili jinsi atakavyolitaja mbele ya wenyeji.

Bungeni nako kuna katazo lake. Mbunge wa Uingereza haruhusiwi kumwita mwenzake mwongo. Julai 2021, Dawn Butler aliamriwa kutoka ukumbini kwa kusema Waziri Mkuu Boris Johnson aliwadanganya watu. Januari 2022 Ian Blackford akatoka kwa kosa la namna hiyohiyo. Aliyesema kuna uongo alitolewa, aliyetuhumiwa akabaki kwenye kiti chake.

Kwa hiyo wanasiasa wa kule wamekuwa na maneno ya kuzungukia. Maarufu zaidi ni ya Winston Churchill, Februari 1906, akiwa naibu waziri wa makoloni. Wachina walikuwa wameletwa kwa maelfu kwenye migodi ya dhahabu ya Transvaal chini ya mikataba migumu, na chama chake cha Liberal kilikuwa kimeomba kura kwa kupiga kelele kwamba huo ni utumwa. Walipoingia serikalini, Churchill akasema mkataba ule hauwezi kuitwa utumwa kwa maana kamili ya neno hilo bila kuwapo hatari ya "terminological inexactitude", kutokuwa sahihi kwa istilahi. Watu wakacheka, na fungu hilo la maneno likabaki kuwa jina la heshima la uongo. Wale Wachina waliokuwa chini ya ardhi wakisahauliwa, nani alijali? Mzaha mzuri una tabia hiyo.

Miaka 80 baadaye, 1986, Robert Armstrong, katibu wa Baraza la Mawaziri la Uingereza, alisafiri mpaka Sydney kuzuia kitabu cha Peter Wright, jasusi mstaafu wa MI5. Wakili wa upande wa pili, Malcolm Turnbull, ambaye miaka mingi baadaye angekuwa Waziri Mkuu wa Australia, alimbana kuhusu barua moja iliyotoa picha isiyo ya kweli. Armstrong akakana kuwa ilikuwa na uongo. Akasema labda ilikuwa "economical with the truth", ilibana matumizi ya ukweli. Ukumbi ukaangua kicheko. Serikali ikashindwa kesi.

Hata makaburini Kiingereza hiki kinafuata. Hugh Massingberd, aliyehariri taazia za Daily Telegraph kuanzia 1986 hadi 1994, aliugeuza ukurasa wa wafu kuwa burudani. Marehemu "asiyewavumilia wajinga" alikuwa na hasira za kutisha. Marehemu "mchangamfu" alikuwa mlevi, na yule aliyesifiwa kwa masimulizi ya kupendeza kuhusu matendo yake alikuwa mwongo. Familia ilisoma ikashukuru, waliomjua wakatabasamu.

Msomaji wangu pengine hana ugomvi na wafu wa London. Ugomvi wake uko ofisini, Dar es Salaam, Kampala au Nairobi, akiwa na bosi au mfadhili Mwingereza. Ametuma andiko la mradi, jibu linarudi: wazo lako "linavutia", kazi ni "quite good", "pengine ungependa kuliangalia upya" eneo la bajeti, na "kwa heshima zote" kuna hoja mbili tatu ndogo. Anafurahi, anawaambia wenzake kuwa mzungu ameridhika. Hajaridhika. "Linavutia" hapo ni kwamba haliwezekani. "Quite good", ambayo Mmarekani huitumia kusifu, kwa Mwingereza ni wastani wenye masikitiko. "Pengine ungependa" ni amri, tena ya kufika kesho asubuhi. Na "kwa heshima zote" ni dalili kwamba heshima imekwisha. Ikiongezwa ukubwa, "kwa heshima kubwa kabisa", mwandikiwa amechukuliwa kuwa mpumbavu. Sifa ya kweli kutoka kwa mtu huyohuyo huja imevaa nguo za kazi: "si mbaya".

Tusimcheke sana. Mgeni anayemwona Mswahili akiinuka kwenye kiti, akachukua funguo, akasema "nakuja" huku anatoka mlangoni, naye ana haki ya kuchanganyikiwa. "Niko njiani" ya mtu ambaye bado anaoga tunaijua. Tofauti ni kwamba za kwetu hizo humpotezea mtu nusu saa, wakati Kiingereza cha ofisini humpotezea kazi. Mwajiri huandika kwamba kampuni "imelazimika kukuachia uende", utadhani ulikuwa unaomba ruhusa. Jina la aliyeamua halimo, sababu haimo. Waliopigwa kalamu wanajua kilichotokea. Barua ile iliandikwa kumlinda aliyeshika kalamu.

Nchini Kenya Kiingereza hikihiki kilifanya kazi nyingine ambayo haichekeshi.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza "Emergency", dharura, dhidi ya uasi wa Mau Mau. Kwa Kiswahili ikaitwa hali ya hatari, jina lililokuwa karibu zaidi na ukweli. Dharura hiyo ilidumu hadi Januari 1960, ikiwa na vikosi vya jeshi, ndege za mabomu na watu zaidi ya elfu moja walionyongwa kwa hukumu ya mahakama. Haikuitwa vita. Anayetangaza vita anakiri kuwa ana adui mwenye madai yake. Anayetangaza dharura ana wahalifu tu.

Kila tendo likapewa jina lililooshwa. Watu walipangwa mistari na kupitishwa mbele ya mtoa habari aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, ambaye Wakikuyu walimwita gakunia. Gunia likitikisa kichwa, mtu amekwenda kizuizini. Hiyo iliitwa "screening", kuchuja. Zaidi ya watu milioni moja waliong'olewa majumbani mwao na kutiwa ndani ya seng'enge na mahandaki waliambiwa wako kwenye "vijiji vinavyolindwa". Kambi zilikuwa za "urekebishaji". Huko Mwea ikatumika mbinu ya "kuzimua", yaani kuwatenga wafungwa wagumu kwenye vikundi vidogo na kuwashurutisha kwa kipigo mpaka wakiri. Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alitofautisha nguvu ya kushurutisha, iliyoruhusiwa, na nguvu ya kuadhibu, iliyokatazwa. Mgongo wa aliyepigwa haukuona tofauti.

Tarehe 3 Machi 1959, kwenye kambi ya Hola karibu na Mto Tana, askari jela waliwapiga kwa virungu wafungwa waliokataa kazi ya kulazimishwa. Watu 11 walikufa. Taarifa ya serikali ilisema vifo hivyo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Isome tena taarifa hiyo taratibu. Haisemi kuwa maji ndiyo yaliyowaua. Inasema walikufa baada ya kuyanywa. Virungu ndivyo vilivyoachwa nje ya sentensi, mpaka uchunguzi wa vifo ulipobaini kuwa walikufa kwa majeraha. Miongoni mwa walionusurika alikuwa Wambugu Wa Nyingi, aliyepigwa hadi kuzirai na kulazwa pamoja na maiti akidhaniwa amekufa.

Wakoloni walipojiandaa kuondoka, nyaraka za aibu zilichomwa au kupelekwa Uingereza. Zoezi hilo liliitwa "Operation Legacy", Operesheni Urithi. Maelekezo yalitaka majivu yapondwe, na kitakachotupwa baharini kitiwe kwenye makasha yenye uzito na kuzamishwa mbali na pwani, penye kina kirefu kisicho na mkondo. Mafaili yapatayo 8,800 ya makoloni 37 yalifichwa huko Hanslope Park, Uingereza. Yalipofichuka mwaka 2011, kutokana na kesi ya wazee wa Mau Mau mahakamani London, Wambugu akiwa mmoja wa wadai, yalijulikana kwa jina la "migrated archives", nyaraka zilizohama, kama mbayuwayu wanaofuata joto.

Kesi hiyo haikufika hukumu ya mwisho. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama bungeni akasema serikali ya Uingereza inakiri kuwa Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni, na kwamba "inajutia kwa dhati" mambo hayo kutokea. Angalieni kitenzi. Mambo yalitokea. Katika taarifa hiyohiyo alisema serikali inaendelea kukana kuwajibika kisheria. Malipo yalikuwa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, gharama za mawakili zikiwa ndani yake.

Mfalme Charles alipokwenda Kenya Oktoba 2023, Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, shirika lisilo la kiserikali lililosimama na wazee hao kwenye kesi yao, ilimtaka aombe radhi bila masharti. Kwenye dhifa ya Ikulu Nairobi, tarehe 31 Oktoba, Mfalme alisema kulikuwa na ukatili usio na kisingizio, na kwamba makosa ya zamani yanamtia huzuni kubwa na majuto mazito. Ombi la radhi halikuwamo kwenye hotuba hiyo, na Uingereza haijalitoa rasmi.